Chrome, Firefox, Edge, Brave au Opera Mini: ipi salama zaidi kwa benki na emaili?

kasri_la_data

Habari zenu wakuu. Naombeni tusaidiane kwenye hili la usalama wa brauza maana kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja ananiambia baki Chrome, mwingine anasema Google wenyewe ndo wanakuchungulia hamia Firefox, wa tatu anasema weka Brave ulale usingizi. Mimi nina laptopu ya zamani kidogo ya Windows 7 na simu ya Android, kwenye simu natumia Chrome pamoja na Opera Mini ili kubana bando. Humohumo ndo naingia benki, emaili na akaunti za kazini. Habari za spidi na muonekano tuziache kwanza, ninachotaka kujua ni kwamba nikibofya linki mbovu kwa bahati mbaya, ipi itanikinga na ipi itaniacha niibiwe? Halafu inkognito (lile dirisha la siri la brauza) inasaidia chochote hapo? Natanguliza shukrani.

fundi_wa_usiku

Mkuu karibu. Hao jamaa zako hawapishani sana, ila kila mmoja anaongelea kitu chake. Kuna usalama, yaani ukurasa wa kihalifu kushindwa kutoka ndani ya brauza na kugusa kompyuta yako, na kuna faragha, yaani kampuni kujua unaangalia nini. Chrome kwenye usalama iko juu sana, kwenye faragha haiko juu. Wewe umeuliza usalama kwa hiyo nitajibu hilo.

Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na utaratibu ambao leo wote wameufuata. Kurasa za wavuti zinaendeshwa kwenye michakato iliyofungiwa, wanaita sandboksi. Mchakato wa aina hiyo hauwezi kusoma mafaili yako wala kuwasha programu nyingine, ukitaka kitu chochote unaomba kwa mchakato mkuu. Kwa hiyo mdukuzi akipata tundu (kosa la programu analoweza kupenyea) kwenye injini inayochora kurasa bado anakuwa amefungiwa chumbani, inabidi atafute tundu la pili la kutokea nje, na hayo matundu mawili kuyapata kwa pamoja ni kazi ngumu na ya gharama.

Januari 2018 likatangazwa lile balaa la Spectre, udhaifu wa kwenye prosesa, ambapo ukurasa mmoja unaweza kunusa data za ukurasa mwingine wakiwa kwenye mchakato mmoja. Chrome 67 ya mwaka huohuo ikawasha kwa karibu watumiaji wote wa kompyuta utaratibu wa kutenganisha tovuti, benki yako inakaa mchakato wake na tovuti ya umbea inakaa wake hata kama umezifungua kwa pamoja. Firefox ilianza kugawa michakato 2016 na hilo la kutenganisha tovuti likawafikia watumiaji wa kompyuta mwishoni mwa 2021. Kwenye Android Chrome ilianza 2019, toleo la 77, kwa zile tovuti unazoingiza paswedi na simu iwe na RAM isiyopungua 2GB, ila Firefox ya Android imechelewa sana hapo. Ndo maana kwenye simu mimi nikiulizwa kuhusu benki nasema Chrome au ndugu zake.

Ndugu zake ni Edge (tangu Januari 2020), Brave, Vivaldi na Opera ile ya kompyuta. Zote chini zimejengwa kwa Chromium, yaani msingi uleule wa msimbo huria ambao Chrome nayo imejengwa juu yake. Tundu likipatikana kwenye Chromium ni la wote, tofauti ni nani anawahi kukuletea kiraka, yaani apdeti ya kuliziba.

binti_kodi

Fundi umeeleza vizuri ila naona Firefox unaionea kidogo kwa upande wa kompyuta. Sandboksi inakulinda na tundu la kiufundi, sawa, lakini watu wengi tunaowaona wakilizwa hakuna aliyevunja sandboksi yoyote. Walibofya tangazo. Unatafuta programu ya kushusha, juu kabisa ya matokeo linakaa tangazo lenye jina na nembo ileile ya programu unayoitafuta, unashusha na kuwasha virusi kwa mkono wako mwenyewe. Hapo sandboksi haina la kusema kwa sababu wewe ndo umetoa ruhusa.

Kinga nzuri ya hiyo ni kuzuia matangazo. Chrome wamehamia mfumo mpya wa ekstensheni (viprogramu vya kuongeza kwenye brauza) unaoitwa Manifest V3, na uBlock Origin yenyewe, ile ekstensheni ya kuzuia matangazo, haifanyi kazi tena humo, imebaki ile nyepesi ya uBlock Origin Lite ambayo nguvu zake ni pungufu. Firefox bado inaipokea ile kamili. Brave wao wana kizuizi cha matangazo ndani kwa ndani, hiyo nawapa maksi. Kwa mtu wa kawaida kwenye laptopu, Firefox yenye uBlock Origin kwangu ni salama kuliko Chrome tupu, na hili nalisimamia.

Na tusidanganyane kwamba kuna ambayo haivunjiki. Kwenye Pwn2Own ya Vancouver, mashindano ya kudukua programu, Machi 2024, mtafiti mmoja anaitwa Manfred Paul alizivunja Chrome, Edge, Safari na Firefox, zote nne kwenye mashindano hayohayo. Firefox wakatoa toleo lililorekebishwa, 124.0.1, kabla hata wiki haijaisha. Mimi ndo kitu ninachoangalia, ikivunjwa wanachukua muda gani kuirekebisha.

fundi_wa_usiku

binti_kodi kwenye matangazo nakuunga mkono, sina ubishi. Ila tuwe makini na neno ekstensheni, mtu akisoma hapa asije akajaza kumi. Ekstensheni inayoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote inaona kila kitu, benki yako ikiwemo, na iko ndani tayari haina haja ya kuvunja chochote. Mnakumbuka ekstensheni ya The Great Suspender? Ilikuwa na watumiaji wengi mno, mwenyewe akaiuza 2020, mmiliki mpya akaingiza mambo yake na Februari 2021 Google wakaizima kwa sababu ina programu hasidi. Desemba 2024 Cyberhaven, ambao kazi yao ni usalama wa data, mfanyakazi wao alilaghaiwa kwa emaili na wahalifu wakapandisha toleo bovu la ekstensheni yao, likaingia kwa wateja lenyewe kupitia apdeti za kawaida. uBlock Origin weka, nyingine jiulize mara mbili. Zile usizozitumia ziondoe leo.

Kuhusu apdeti ndo hapo pa kukaza. Septemba 2023 lilipatikana tundu kwenye libwebp, maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) inayofungua picha za aina ya WebP. Picha tu mkuu, ukurasa ukifunguka na picha imeshasomwa. Maktaba hiyo walikuwa wanaitumia karibu wote, kwa hiyo Chrome, Firefox, Edge, Brave wote walihusika na wote wakatoa viraka ndani ya siku chache. Aliyekuwa Firefox hakupona kwa kuwa Firefox, na aliyekuwa Chrome hivyohivyo. Waliopona ni walioapdeti. Na kushusha apdeti peke yake haitoshi! Chrome inaishusha kimyakimya lakini haianzi kufanya kazi mpaka uifunge na kuifungua upya. Kuna watu wana kurasa sitini zimefunguliwa na laptopu wanafunika tu haizimwi, wiki zinapita kile kitufe cha juu kulia kinabadilika rangi kutoka kijani kwenda nyekundu na wao wanakitazama.

mlinzi_wa_lango

Naona Opera Mini na inkognito zimerukwa, ngoja nizijibu.

Opera Mini ikiwa kwenye ile hali ya kubana data kupita kiasi, simu yako haiongei na tovuti moja kwa moja. Ombi linaenda kwenye seva za Opera, zenyewe ndo zinafungua ukurasa, zinaubana halafu zinakutumia. Maana yake usimbaji (kufichwa kwa mawasiliano kwa msimbo) wa kutoka benki unaishia kwenye seva zao, hauji mpaka kwenye simu yako. Sisemi wanaiba, nasema kuna mtu wa tatu katikati na kwenye benki hatakiwi mtu wa tatu. Soma nayo habari, angalia matokeo ya mpira, bando likae. Benki na emaili toa humo kabisa.

Inkognito inafuta historia na kuki (vifaili ambavyo tovuti hukukumbukia navyo) ukishafunga dirisha, basi. Tovuti feki inabaki feki, virusi vinavyorekodi unachoandika vinaendelea kurekodi, na mtandao wako wa ofisini bado unaona unaenda tovuti gani. Faida yake ndogo ni kwamba ekstensheni haziingii humo mpaka uziruhusu.

Na tafadhali wakuu, kile kialama cha kufuli msikiamini. Kinasema tu mawasiliano yamesimbwa, matapeli nao wanapata bure cheti cha kuweka hilo kufuli kama wengine. Chrome wenyewe walikiondoa 2023 kwenye toleo la 117 wakaweka alama nyingine kwa sababu watu walikuwa wanadhani kufuli ni uthibitisho wa uaminifu. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi, hasa kile kipande cha mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina.

kasri_la_data

Nimewapata vizuri sana, asanteni mno. Opera Mini benki nimeshatoa. Sasa nimeenda kwenye vidoti vitatu, Msaada, Kuhusu Google Chrome kwenye laptopu naona imeandika toleo la 109 na haiendi mbele. Kwenye simu haina shida imeapdeti yenyewe. Hii ya laptopu nifanyeje? Na paswedi zangu zote nimezihifadhi humo kwenye Chrome.

fundi_wa_usiku

Mkuu 109 ni ya Januari 2023, ndo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Haitasogea hata ufanyeje, na matundu yote yaliyozibwa baada ya hapo kwako yako wazi, mengine maelezo yake yako hadharani na mtu yeyote anayasoma. Firefox ESR 115, toleo la kuhudumiwa kwa muda mrefu, bado inawaka kwenye Windows 7 na Mozilla waliisogezea muda wa viraka zaidi ya mara moja, hiyo ni nafuu ya dharura. Lakini Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia watu wa kawaida Januari 2020, brauza haiwezi kubeba mfumo uliokufa. Kama laptopu haipandi Windows mpya weka Linux, mfumo endeshi wa bure, Firefox na Chromium za kisasa zinakaa humo vizuri. Mpaka hapo benki fanyia kwenye simu, kwenye hiyo laptopu usiingie kabisa.

mlinzi_wa_lango

Naongezea kwenye paswedi. Virusi vya kuiba paswedi kitu cha kwanza vinachokimbilia kwenye kompyuta ni faili la paswedi za brauza pamoja na kuki, maana kuki ikiibiwa mtu anaingia kwenye akaunti yako bila hata kuulizwa paswedi. Google waliongeza ulinzi wa hilo, kwa kuanzia na kuki, kwenye Chrome 127 ya Windows mwaka 2024, wewe uko 109 hauna. Kwa hiyo zitoe humo, zihamishie kwenye programu maalumu ya paswedi, ya benki na ya emaili uzibadilishe kabisa ukiwa kwenye simu halafu uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Angalizo, Chrome ikikutolea paswedi inakupa faili la CSV na ndani yake kila kitu kimeandikwa wazi, ukilifungua unasoma. Ukishaliingiza kwenye programu mpya lifute, na kapu la takataka ulimwage pia. Usijitumie kwa emaili.

kasri_la_data

Sawa mkuu, naanza na ya emaili sasa hivi, maana ndo inayofungua nyingine zote.