Shule ya kijijini ina wanafunzi 90: tuiongezee walimu au tuiunganishe na jirani?

Mzani
Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Chukueni shule ya msingi ya serikali huko kijijini, darasa la kwanza hadi la sita, wanafunzi 90 kwa jumla. Wastani ni watoto 15 kila darasa. Kwa uwiano wa Tanzania wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ikama ya shule hiyo, yaani idadi ya walimu inayoistahili, ni wawili, na mmoja wao ndiye mwalimu mkuu mwenye vikao, takwimu na wageni. Ukitaka kila darasa liwe na mwalimu wake unahitaji sita. Hao wanne wa ziada lazima watoke mahali, na huko watokako pengine kuna mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 100. Msimamo wangu: shule za namna hii ziunganishwe na jirani zake, watoto wapate walimu wa masomo yote. Nasema kwa kuwahurumia watoto. Na kusema ukweli sielewi mwalimu mwenye watoto 15 anachoshwa na nini.

ChakiNyeupe
Mzani, ulikwenda vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Unauliza anachoshwa na nini? Nitakuambia.

Walimu wawili, madarasa sita, kila mmoja ana matatu. Tuseme kila darasa lina masomo matano tu. Hayo ni maazimio ya kazi 15, yaani mipango 15 ya kufundisha, na kila kipindi kina andalio lake la somo. Andalio haliulizi watoto ni wangapi. Liwe la watoto 15 au 100, linaandikwa lile lile. Darasa la kwanza hawajui kusoma, huwezi kuwaachia zoezi ubaoni ukaenda la tatu. Ukienda la tatu, la pili wanapigana. Mwalimu mkuu akiitwa kikao, mimi ndiye shule nzima, zamu yangu, kengele yangu, aliyeumia kiwanjani wangu. Nikiugua mimi, shule imefungwa bila barua.

Hiyo kazi nimeifanya miaka. Usiniambie sijachoka.

Mzani
Dada Chaki, sikukutaja wewe. Nimezungumzia mfumo.

ChakiNyeupe
Mfumo hauchoki, Mzani. Umeandika "mwalimu".

Baba Wawili
Poleni walimu wa vijijini, lakini na sisi mtusikie. Mwanangu yuko darasa la watoto zaidi ya 100. Madaftari yanarudi wiki nzima hayajaguswa na kalamu nyekundu. Mwalimu hajui hata jina lake. Halafu naambiwa kuna mahali mwalimu anakaa na watoto 15 na bado aongezewe wenzake. Damu inachemka jamani.

ChakiNyeupe
"Anakaa". Nani anakaa? Nimetoka kueleza madarasa matatu kwa mpigo.

Kengele ya Tatu
Tusaidiane kidogo, maana tunazungumza vitu viwili tofauti. Kuna utafiti mkubwa wa Tennessee huko Marekani, ulianza mwaka 1985. Waligawa watoto wa chekechea hadi darasa la tatu kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Waliokuwa kwenye madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, hasa watoto wa familia maskini. Watu wengi huishia hapo na kusema shule ndogo ya kijijini ina bahati. Wanachosahau ni kwamba wale 15 wa Tennessee walikuwa darasa moja na mwalimu wao. Shule ya Mzani ina 45 mbele ya mwalimu mmoja, wa umri tatu tofauti na mihtasari mitatu. Uwiano kwenye karatasi ni mzuri. Ndani ya chumba hakuna uwiano wowote.

Hesabu Haidanganyi
Hao hao Wamarekani mnaowanukuu ndio waliounganisha shule zao ndogo. Karibu mwaka 1930 walikuwa na shule za mwalimu mmoja takriban 149,000. Leo zilizobaki ni chache mno. Hawakulia. Wakajenga shule kubwa, watoto wakapata maabara, maktaba, walimu waliosomea somo lao. Sisi tunataka kulinda jengo kwa sababu babu alisoma pale.

Mpitanjia
Walikuwa na mabasi, ndugu yangu. Yale ya njano. Na barabara za kupita mvua ikinyesha. Wewe unaunganisha shule kwa kalamu, mtoto wa miaka saba anaunganisha kwa miguu.

Uchina walijaribu. Mwaka 2001 serikali ikaagiza shule za vijijini zipangwe upya, na ndani ya miaka kumi zaidi ya nusu ya shule za msingi za vijijini zikatoweka. Mwaka 2012 serikali hiyo hiyo ikaamuru zoezi lisitishwe. Unajua kwa nini? Watoto walikuwa wanatembea mbali, wanalala mabweni wakiwa wadogo, wengine wanaacha shule. Na kule Gansu, Novemba 2011, kigari cha viti 9 kilichojaza watu zaidi ya 60 kikagongana na lori wakifa watoto wa shule.

Hesabu Haidanganyi
Wale wa Gansu walikuwa watoto wa chekechea, si wa shule za msingi zilizounganishwa. Ukitaka kunitisha, nitishe kwa mfano sahihi.

Mpitanjia
Chekechea ndio nafuu? Hoja ni usafiri. Shule ikisogea mbali na mtoto, kuna mtu atamsafirisha, na wa kwanza kujitokeza ni mwenye gari bovu kuliko wote.

Hesabu Haidanganyi
Hoja yako ilikuwa kuunganisha shule, sasa imekuwa magari. Nitarudi kwenye hesabu, maana hakuna anayetaka kuigusa. Hizo 90 mnazipata wapi? Nimekagua vitabu kwenye kazi yangu ya zamani. Shule inaandika 90, ukihesabu vichwa asubuhi unakuta 60. Majina ya waliohama na wazazi wao bado yamo kwenye rejesta. Mwalimu mkuu hawezi kuyafuta kwa sababu fedha na walimu vinafuata idadi. Wanafunzi hewa. Anzeni hapo kabla ya kudai walimu sita.

Mkuu Mstaafu
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nimeguswa. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo kuliko hiyo. Kijana, unajua maana ya kufuta jina la mtoto? Mzazi anahamia shamba la mbali msimu wa kulima, anaondoka na watoto bila kuaga. Hakuna barua ya uhamisho. Ukimfuta, akirudi baada ya miezi mitatu unaambiwa umefukuza mwanafunzi. Usipomfuta, anakuja mkaguzi kama wewe anakuita mwizi. Tulikuwa tunaandika mtoro, tunamfuata mwenyekiti wa kitongoji, tunamfuata mzazi, tunasubiri. Huo si uhewa.

Hesabu Haidanganyi
Mzee wangu, sijasema wewe. Lakini hata wewe huwezi kusema hawapo kabisa.

Mkuu Mstaafu
Siwezi kusema hawapo. Wapo walioghushi, na walistahili walichopata. Ninachosema ni kwamba umechukua ugonjwa wa wachache ukaufanya jina la shule zote ndogo. Na kumbuka jambo hili: shule yenye wanafunzi 1,000 ikipunguza 30, mwalimu mkuu hapotezi usingizi. Shule ya 90 ikipunguza 30, kwa uwiano wenu mwalimu wa pili anahamishwa, na masomo yako pale pale. Mnajenga utaratibu unaomwadhibu mtu kwa kusema kweli, halafu mnashangaa rejesta haisemi kweli.

Baba Wawili
Kwa hiyo wazee wetu walikuwa wanadanganya kwa nia njema? Fedha za umma hizo.

Mkuu Mstaafu
Soma tena nilichoandika, Baba Wawili. Pole pole.

Mpitanjia
Jamani hii habari ya wanafunzi hewa imetutoa njiani. Ila Mzee amesema jambo moja ambalo sijawahi kulifikiria, la yule anayerudi baada ya miezi mitatu. Kuna nchi iliyolifanyia kazi. Colombia, miaka ya 1970, walianzisha mpango uitwao Escuela Nueva kwa ajili hasa ya shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili. Watoto wa madarasa tofauti chumba kimoja, wanafanya kazi kwa vikundi wakitumia miongozo ya kujisomea, mwalimu anazunguka. Mtoto aliyeondoka kusaidia mavuno akirudi anaendelea alipoishia, harudii mwaka. Vicky Colbert ndiye mmoja wa waanzilishi, na ulienea maelfu ya shule.

ChakiNyeupe
Darasa mseto. Nalijua. Nilipewa darasa mseto bila mwongozo hata mmoja, bila semina, na kitabu kimoja cha kila somo. Wakaliita mbinu. Ilikuwa uhaba uliopewa jina zuri. Colombia walimpa mwalimu miongozo na mafunzo kwanza, kisha wakamwambia achanganye madarasa. Msinukuu nusu.

Mpitanjia
Sijakataa, mwalimu. Ndiyo maana nimetaja miongozo.

ChakiNyeupe
Umeitaja kwa maneno matatu. Mimi niliikosa kila siku ya kazi.

Kengele ya Tatu
Mzani, nikurudishe kwenye swali lako. Umetupa njia mbili, kuongeza walimu wafike sita au kuunganisha, na zote zimepimwa kwa kipimo kibovu. Uwiano wa 1:45 unafaa kugawa walimu mkoa mzima. Ukiuteremsha hadi shule moja ndogo unatoa jibu la ajabu, kwa sababu kazi ya kufundisha inaanzia kwenye idadi ya madarasa, vichwa vinafuata. Shule ya 90 na shule ya 270 zenye madarasa sita zina ratiba moja. Ya kwanza kwa uwiano inapata wawili, ya pili sita. Vipindi ni vile vile.

Kwa hiyo weka kiwango cha chini. Shule yoyote iliyo wazi na yenye madarasa yote isiwe na walimu chini ya wanne, iwe na watoto 60 au 90. Wanne wanaweza kubeba madarasa sita kwa mseto wa mawili mawili, na mmoja akiugua shule haifi. La kwanza na la pili wawe na mwalimu wao asiyeondolewa, maana huko ndiko kusoma kunakoanzia. Juu ya hapo, ongeza kwa uwiano.

Mzani
Hilo la wanne naweza kulikubali kuliko sita. Lakini bado hujaniambia watatoka wapi. Baba Wawili ana mtoto kwenye darasa la 100. Tunamnyang'anya?

Baba Wawili
Ahsante. Hatimaye mtu ameniona.

Hesabu Haidanganyi
Na hata ukiwapata hawatakwenda. Mwalimu anapangiwa kijijini, anaripoti, anachukua barua, ndani ya mwaka ameomba uhamisho wa kumfuata mwenza au wa matibabu. Nyumba ya mwalimu hakuna, mshahara anaufuata kwa safari ya siku nzima. Namwelewa. Lakini ikama yenu itabaki kwenye karatasi.

ChakiNyeupe
Wa kumfuata mwenza ni wanawake, si ndiyo? Sema tu wazi.

Hesabu Haidanganyi
Nimesema namwelewa, mwalimu. Sikutaja jinsia.

Kengele ya Tatu
Gambia mwaka 2006 walianza posho ya mazingira magumu, asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi, kadiri shule ilivyo mbali na barabara kuu. Wakapatikana walimu walioomba wenyewe kuhamia huko. Kwa hiyo si kweli kwamba hawaendi. Wanakwenda pale wanapolipwa tofauti ya maisha wanayoachia.

Mzani
Sawa, posho. Swali langu ni lile lile: shule gani inatoa hao walimu?

Mkuu Mstaafu
Hili nalijua kuliko mengine yote, Mzani. Hawatatoka kwenye darasa la mtoto wa Baba Wawili, na anayemtisha hivyo hamtakii mema. Ndani ya wilaya moja kuna shule tatu za aina tatu. Ya pembezoni yenye watoto 90 na walimu wawili. Iliyofurika yenye watoto 100 kwa mwalimu. Na ile iliyo kando ya lami, karibu na hospitali na benki, yenye walimu kuzidi ikama yake, baadhi wana vipindi vichache kwa wiki na wanagawana masomo ya darasa moja. Hiyo ya tatu haitajwi kwenye mijadala kwa sababu kila mwalimu aliyepo pale ana mtu aliyemwombea. Msawazo wa walimu, yaani kuwagawa upya kati ya shule, ukitangazwa, wanaohamishwa ni wale wasio na wa kuwaombea, na mara nyingi wanatolewa shule yenye uhaba kupelekwa shule yenye uhaba. Nimepokea walimu wa namna hiyo, nikawapenda, na nikajua shule walikotoka imelia.

Baba Wawili
Mzee, kwa hiyo na sisi wa madarasa ya 100 tunapaswa kupata kutoka hapo hapo?

Mkuu Mstaafu
Hapo hapo. Wewe na ChakiNyeupe mmegombana tangu asubuhi, na walimu mnaogombania wako shule moja ambayo hakuna kati yenu anayeisoma.

ChakiNyeupe
Basi takwimu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule na wa halmashauri: wanafunzi waliohudhuria, madarasa, walimu, na vipindi vya kila mwalimu kwa wiki. Hicho cha mwisho hakuna anayekiuliza. Mzani, ukikiona ndipo urudi hapa uniulize nachoshwa na nini.