Kuusoma ukurasa wa mradi kwenye Asana: nianzie wapi?

Mratibu wa Maji, Iringa

Habari za kazi, ndugu zangu. Nimepokea uratibu wa mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe kutoka mlimani, katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilolo, na mwenzangu aliyenitangulia alikuwa akiuendesha kupitia Asana, programu ya kupangia na kufuatilia kazi. Kazi ya maji naifahamu, maana nimesimamia uchimbaji wa mitaro na ulazaji wa mabomba kwa miaka mingi. Ninachoomba kusaidiwa ni namna ya kuusoma ukurasa wa mradi wenyewe. Maandishi yake kwetu ni ya Kiingereza, lakini nitayataja kwa Kiswahili.

Nikiufungua kwenye kompyuta ya ofisi, naona juu jina la mradi, kisha mstari wa vichupo: muhtasari, orodha, ubao, mstari wa muda, kalenda na vinginevyo. Orodha ni ndefu, nayo imegawanywa kwa vichwa: dakio la maji (mahali maji yanapochukuliwa kwenye chanzo), tenki, bomba kuu, mtandao wa usambazaji, vituo vya kuchotea maji. Kushoto kuna menyu nyingine ambayo bado sijatambua uhusiano wake na mradi huu.

Yananitatiza mambo matatu. Kazi za dakio la maji, ambazo nimeziona kwa macho yangu zimekwisha, hazimo kwenye orodha. Chini ya kichwa hicho ni patupu. Kwenye kalenda zipo kazi chache kuliko zilizomo kwenye orodha. Tena mwenzangu wa meza ya jirani akiufungua ukurasa huohuo, kazi zinampangikia kwa utaratibu tofauti na ninaouona mimi. Mvua huku kwetu huanza Novemba, na mtaro uliochimbwa kwenye mteremko ukinyeshewa kabla bomba halijalazwa na kufukiwa, huporomoka, kwa hiyo nahitaji kujua kwa uhakika kipi kimebaki. Je, kila asubuhi nianzie wapi?

Mpangaji, Uyole, Mbeya

Ndugu Mratibu, pole kwa majukumu. Hayo matatu yana asili moja. Kazi zote za mradi zimehifadhiwa mahali pamoja, na vile vichupo vya orodha, ubao, kalenda na mstari wa muda ni madirisha ya chumba kimoja: kila dirisha linakuonyesha upande wake, na lipo pazia ambalo mtu anaweza kulifunga bila wewe kujua. Kabla hujahukumu kwamba kitu hakipo, jiulize uko kwenye kichupo kipi na umechuja nini.

Tuanze na dakio. Orodha ya Asana kwa kawaida huonyesha kazi ambazo hazijakamilika. Kazi ikishawekewa alama ya tiki, huondoka machoni ingawa imo ndani ya mradi. Tazama juu ya orodha, chini ya mstari wa vichupo, utakuta vitufe vya kuchuja, kupanga na kuweka katika makundi. Bonyeza cha kuchuja, ruhusu kazi zilizokamilika, nazo zitajitokeza chini ya kichwa chake. Ukifungua mojawapo, chini ya maelezo yake utakuta kumbukumbu ya aliyeifunga na tarehe aliyoifunga. Kwa mtu anayepokea mradi kutoka kwa mwenzake, kumbukumbu hiyo ni hazina, kwa sababu inakuwezesha kulinganisha yaliyoandikwa na uliyoyaona mlimani.

Kalenda nayo haiwezi kuiweka siku fulani kazi isiyo na tarehe. Kwa hiyo zile zilizomo kwenye orodha na hazimo kwenye kalenda ni kazi ambazo hakuna aliyezipangia mwisho, na kwa mtu anayekimbizana na mvua za Novemba hizo ndizo za kushughulikia kwanza kuliko hata zilizochelewa. Iliyochelewa walau inajulikana. Isiyo na tarehe haimuumizi kichwa mtu yeyote hadi siku fundi anapouliza mabomba yako wapi. Rudi kwenye orodha, ipange kwa tarehe ya mwisho, kisha shuka hadi chini kabisa, kwa kuwa zisizo na tarehe hujikusanya huko. Zipangie tarehe moja baada ya nyingine, ukiwa pamoja na msimamizi wa eneo.

Kuhusu mwenzako wa meza ya jirani: mtu anapochuja au kupanga orodha, mabadiliko hayo huonekana kwake peke yake mpaka atakapochagua kuyahifadhi kwa ajili ya wote. Kila mmoja wenu anaona kwa namna aliyoiacha. Ushauri wangu ni kwamba mwafikiane mpangilio mmoja wa pamoja, uhifadhiwe na mratibu pekee, na anayetaka kuona kwa namna nyingine aongeze kichupo chake kwa alama ya kujumlisha iliyoko mwishoni mwa mstari wa vichupo, akipe jina linaloeleweka. Ofisi isiyoafikiana juu ya jambo hili hujadili mradi mmoja kwenye kikao huku kila mtu akiwa na picha yake.

Niongeze jambo juu ya ubao, kwa kuwa najua utalikuta. Vichwa vya orodha yako ndivyo vinavyokuwa safuwima za ubao. Kila kazi huonekana kama kadi, na ukivuta kadi kutoka safuwima moja kwenda nyingine, umeihamisha kazi hiyo kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na kwenye orodha pia itakuwa imehama. Ubao hufaa zaidi pale ambapo safuwima ni hatua za kazi, yaani haijaanza, inaendelea, inakaguliwa, imekamilika. Vichwa vyako ni sehemu za mtandao wa maji, na hakuna sababu ya kazi ya tenki kuhamia kwenye bomba kuu. Uache ubao kwa sasa, au, kama ofisi yenu imelipia kiwango kinachoruhusu kuongeza sehemu za taarifa, ongeza sehemu inayoitwa hatua, kisha upange ubao kwa sehemu hiyo. Vichwa usiviguse, maana aliyevipanga alifikiri sawasawa: vinafuata maji yanavyoteremka.

Mstari wa muda, ambao nao uko kwenye viwango vya kulipia, utautambua mara moja ikiwa umesoma uhandisi, kwa kuwa umejengwa kwa mfano wa chati ya Gantt, ambayo huonyesha kila kazi kwa mstari unaoanzia tarehe ya kuanza hadi ya kumaliza, iliyopewa jina la Mmarekani Henry Gantt. Ndani yake unaweza kuiunganisha kazi na ile inayoitangulia, kwa mfano ulazaji wa bomba usianze kabla mtaro haujakaguliwa kina chake. Kwa mradi wa maji hilo ndilo dirisha lenye manufaa makubwa kuliko yote, lakini halitakusaidia mpaka tarehe ziwe zimejazwa.

Mdau wa Parachichi, Njombe

Nakubaliana na ndugu wa Uyole, ila ningependa kusema juu ya sehemu ya juu ya ukurasa, ambayo wengi huipita. Sisi tulitoka kwenye Trello, programu iliyoanza mwaka 2011 na ambayo humwonyesha mtu ubao wa kadi tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo wenzangu walipoingia Asana waliendelea kutafuta kadi tu, wasitazame kichwa cha ukurasa.

Kando ya jina la mradi kuna mshale mdogo. Ndani yake mna mambo ya mradi mzima, kama vile kuhariri maelezo yake na kuuhifadhi kwenye kumbukumbu pindi unapomalizika. Kuna pia nyota, ambayo ukiibonyeza mradi huwekwa miongoni mwa vipendwa kwenye menyu ya kushoto, usilazimike kuutafuta. Pembeni kuna hali ya mradi: kijani inamaanisha unakwenda vizuri, njano kuna hatari ya kuchelewa, nyekundu umetoka kwenye mpango. Rangi hiyo haibadiliki yenyewe kwa kuhesabu kazi. Ni mtu aliyeiweka, na taarifa aliyoiandika pamoja nayo ina jina lake na tarehe. Kwa anayerithi mradi, taarifa hizo zikisomwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho humweleza mradi ulikwama wapi na kwa nini, jambo ambalo orodha ya kazi haiwezi kulisema. Zinapatikana kwenye kichupo cha muhtasari, pamoja na maelezo ya mradi, majina ya wahusika na nyaraka muhimu zilizobandikwa hapo. Nakuomba uanzie hapo kabla ya kugusa chochote.

Jambo lingine ni kazi ndogo zilizo ndani ya kazi kubwa. Ukiona kazi inaitwa ujenzi wa vituo vya kuchotea maji, inawezekana kila kituo kimeandikwa kama kazi ndogo ndani yake. Kazi ndogo hizo, kwa kawaida, hazionekani kwenye ubao wala kalenda mpaka ziongezwe kwenye mradi zenyewe. Hukaa zimefichwa chini ya kazi mama, na alama ndogo kando ya jina ndiyo inayoonyesha kwamba zipo. Ifungue kazi mama kwa kubonyeza kitufe cha maelezo kilichoko kulia kwa jina lake, kwa sababu ukibonyeza jina lenyewe kwenye orodha utakuwa unalihariri. Upande wa kulia wa skrini litafunguka jopo lenye mhusika, tarehe, maelezo, kazi ndogo, viambatisho na maoni. Ikiwa kituo kizima cha kijiji ni kazi ndogo, na kina fundi wake na tarehe yake, basi kinastahili kupandishwa kiwe kazi kamili. Vifaa vinavyohitajika kwenye kituo hicho ndivyo vibaki kuwa kazi ndogo.

Msimamizi wa Vitalu, Mafinga

Kwa heshima, sikubaliani kwamba kila asubuhi uanzie kwenye muhtasari. Muhtasari usome kwa makini siku ya kwanza, kisha kila inapotoka taarifa mpya ya hali ya mradi. Asubuhi anzia kwenye menyu ile ya kushoto uliyosema hujaitambua, ambayo haihusu mradi mmoja, inakuhusu wewe. Sehemu yake iitwayo “Kazi zangu” hukusanya kila ulichopangiwa katika miradi yote. Kisanduku cha taarifa hukuletea maoni mapya, kazi zilizofungwa na taarifa za hali ya mradi. Soma kisanduku kwanza, jibu wanaokusubiri, ndipo ufungue mradi.

Mimi nasimamia vitalu vya miche ya misonobari, na watu wangu wengi wako shambani wakiwa na simu tu. Kwenye simu ukurasa ni mwembamba, hivyo kupanga na kuchuja huchosha. Tumewaelekeza vijana watumie simu kwa mambo mawili: kuambatisha picha kwenye kazi husika na kuandika maoni. Upangaji wote hufanyika ofisini. Mafundi wako wakipiga picha ya mtaro wenye futi iliyosimamishwa ndani yake, wakaiweka kwenye kazi ya kipande hicho cha bomba, hutahitaji kupanda mlima kukagua kila kipande, wala kukisia.

Mratibu wa Maji, Iringa

Ahsanteni sana. Nimeruhusu kazi zilizokamilika, na za dakio zote zimejitokeza pamoja na majina ya waliozifunga. Kazi zisizo na tarehe ni nyingi kuliko nilivyodhani, na karibu zote zinahusu mtandao wa usambazaji, ambao ndio wenye mitaro mingi, kwa hiyo tutazipitia na msimamizi wa eneo kabla ya kikao cha wiki.

Limebaki swali moja. Mradi ukimalizika, uendeshaji hukabidhiwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa utaratibu unaosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019. Mafunzo ya kamati ya chombo hicho yameandikwa kama kazi kwenye mradi wangu, lakini ofisi yetu ina mradi mwingine wa mafunzo unaohusu Kilolo na Mufindi, nao unayahitaji mafunzo hayohayo kwenye orodha yake. Je, niinakili kazi hiyo?

Mpangaji, Uyole, Mbeya

Usiinakili, ndugu Mratibu. Ukiinakili zitakuwa kazi mbili, na tarehe ya mafunzo ikisogezwa kwenye moja, nyingine itabaki na tarehe ya zamani, kisha mkufunzi atafika kijijini wakati kamati haijaitwa. Fungua jopo la kazi hiyo, tafuta mahali palipoandikwa jina la mradi wako, uongeze na jina la mradi wa mafunzo. Itabaki kuwa kazi moja yenye mhusika mmoja, tarehe moja na mazungumzo mamoja, ila itaonekana katika kurasa zote mbili, na kila ukurasa utaiweka chini ya kichwa chake chenyewe. Ikifungwa upande mmoja, imefungwa pande zote.

Angalia mambo mawili kabla ya kufanya hivyo. Wanachama wa mradi wa mafunzo wataweza kuyasoma maoni yote yaliyomo ndani ya kazi hiyo, pamoja na mliyoandikiana zamani kuhusu posho au wajumbe wa kamati, kwa hiyo tazama kwanza ni nani wamo kwenye mradi ule. Pili, siku utakapotaka kazi hiyo isionekane tena upande mmoja, ondoa jina la mradi huo kwenye jopo, usiifute kazi, kwa sababu kufuta huiondoa kotekote. Ikitokea mtu ameifuta, inaweza kurejeshwa ndani ya siku 30. Zikipita, maoni na picha zake haviwezi kupatikana tena, kwa hiyo mwambie msimamizi wa mradi siku hiyohiyo.