Nimepata mashine ya kukata stika na kadi, ninunue vifaa gani kwanza?

nyota_kadi:
Hamjambo wadau. Dadangu ameniletea mashine ya Cricut Explore Air 2 kutoka Marekani, zile za kukata vinili (ile plastiki nyembamba ya kubandika) na karatasi, unachora kwa kompyuta halafu yenyewe inakata. Kwa boksi kulikuwa na bledi moja, mkeka mmoja wa kijani wenye gundi wa kuwekea kitu kinachokatwa, na waya zake, basi. Nataka nianze na majina ya watoto kwa chupa za maji na mikebe ya lanchi kabla shule zifunguliwe Januari, baadaye kadi za mialiko ya harusi na tisheti za vyama. Sasa nikiangalia huku mtandaoni watu wameweka picha za droo zimejaa, visu, koleo, roli za kila rangi, mikeka ya rangi nne, mpaka nashindwa nianzie wapi. Bajeti yangu ni elfu nane na sitaki iishie kwa vitu vitakaa tu vikishika vumbi. Ni gani siwezi kufanya kazi bila, na ni gani naeza pata mbadala wake hapa tao Nairobi? Na zile seti kubwa zinauzwa zimefungwa pamoja, zinafaa?

kevo_stika:
Karibu sana dada. Hiyo seti iache dukani kwa sasa. Chagua kazi ya kwanza, nunua vifaa vya hiyo kazi peke yake, hiyo ingine ikifika utanunua vyake. Umesema chupa, basi tuongee chupa.

Chupa inataka vinili ya gundi ya kudumu. Kuna ile ya ukutani ambayo inabanduka kirahisi na kuna ile ya nje, na wauzaji wengine hawatakuambia tofauti usipouliza. Kwa Oracal, hiyo ni chapa ya vinili, namba 631 ndio ya ukuta na 651 ndio ya nje, hiyo 651 imetengenezwa ihimili jua na mvua kwa miaka kadhaa, kwa hivyo chupa ya mtoto inayooshwa kila jioni iko sawa nayo. Nenda kwa wale wanauza vifaa vya mabango upande wa River Road na Kirinyaga Road, uliza kama wanakukatia kwa mita. Kuna roli za mabango za sentimita 61 upana, ukigawa katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya 30.5, na hiyo ni inchi 12, upana wa mkeka wako kabisa. Chukua nyeupe na nyeusi kwanza, hizo rangi zingine wateja wenyewe ndio watakuitisha.

Halafu tepu ya kuhamishia. Bila hii huwezi kutoa jina la herufi ndogo kwa karatasi yake uliweke kwa chupa likiwa limenyooka, herufi zitakuja moja moja na zitakaa zigzagi. Kwa mabango wanauza pia. Uliza ile ina gundi hafifu na unaweza kuona upande wa pili, ndio ujue unaweka wapi. Ikishika sana ibandike kwa tisheti ya pamba ubandue, mara mbili tatu, gundi inapungua.

Kifaa kimoja cha mkono ambacho sitakuambia utafute mbadala ni ndoano ya kuchambua, ile chuma nyembamba yenye ncha imepinda kama ya daktari wa meno. Hiyo ndio inatoa vinili isiyohitajika, zile tundu ndani ya A na O na B. Sindano inaweza kusaidia kwa jina moja lakini ukiwa na majina ya darasa zima vidole vitakufa ganzi. Cha kukwarua, yaani kukandamiza tepu ishike vinili, kadi ya benki iliyoisha muda inatosha kabisa, ama rula ya plastiki.

Na cha kupangusia chupa kabla ya kubandika. Watu hupuuza hii na ndio sababu stika nyingi hubanduka, chupa imetoka jikoni na mafuta ya mikono halafu unabandika juu yake. Tafuta isopropili kwa chemisti. Spiriti ya vidonda soma chupa kwanza, zingine zimewekwa mafuta ndani na mafuta ndio unajaribu kutoa.

Ongeza bledi moja ya akiba ile ncha nyembamba. Kwa chupa umemaliza, na pesa itabaki.

mama_mialiko:
Kevo amesema vizuri lakini mimi nitaongeza neno kwa vinili ya mabango. Si kila roli ya mita ni 651, kuna ile nyembamba ya bei ya chini ambayo gundi yake ni kali na inaacha uchafu, na inavutika wakati wa kuchambua mpaka herufi zinapinda. Kwa hivyo usinunue mita tatu siku ya kwanza, chukua nusu mita ukajaribu nyumbani. Geuza pia uangalie nyuma, roli nyingi nzuri zina jina la kampuni limechapwa kwa ile karatasi.

Na nyota, kabla hujakata jina lolote kata pembetatu ndogo kwa kona ya vinili. Ingiza ndoano kwa ncha yake uinue. Vinili ikitoka peke yake na karatasi ya chini ibaki nzima, iko sawa. Karatasi ikiinuka pamoja, bledi inaingia ndani sana, punguza presha. Vinili ikikataa kuachana na jirani yake, ongeza. Hiyo pembetatu inakula kipande kidogo tu lakini inaokoa roli, na kila rangi mpya ipimie yake kwa sababu nyeusi na nyeupe za roli tofauti hazikatiki sawa.

Jambo lingine kwa chupa: bandika nje tu, isiguse mahali mtoto anaweka mdomo, na uache siku tatu kabla ya kuosha. Mteja mwambie hivyo hivyo ukimpa.

nyota_kadi:
Asanteni sana, mmeniondolea mzigo. Maswali mawili. Kuna mtu ananiuzia seti yenye gurudumu la kukunjia kadi na bledi ya mviringo ya kitambaa, anasema ni ya Cricut orijino, bei si mbaya. Na dadangu anauliza kama aniletee pia ile pasi bapa ya kubandikia tisheti akija tena.

kevo_stika:
Zote mbili hapana, dada.

Hilo gurudumu na hiyo bledi ya mviringo ni za Cricut Maker, hiyo ni mashine ingine. Explore haina gia ya kuzizungusha, hata zikiwa orijino namna gani zitakaa tu. Kwa kukunja kadi Explore inatumia ile kalamu ya kukunjia ambayo haina wino, unaiweka kwa klampu A (kishikilio cha kalamu kwa mashine), bledi inabaki B, mashine inapiga mistari ya kukunja kwanza halafu inakata. Hiyo kalamu ndio ununue ukifika kwa mialiko, ni ndogo na haina kuisha. Na mtu akikuuzia vinili ya kukata bila mkeka kwa bei ya juu pia kataa, hiyo inafanya kazi ya bila mkeka kwa Explore 3 kwenda juu, yako lazima mkeka.

Pasi ya Marekani ni ya volti 120, huku kwetu ni 240. Ukichomeka moja kwa moja unaichoma, na transfoma ya kubeba pasi ya wati elfu moja na kitu ni nzito na bei yake si mchezo. Mashine yenyewe ni tofauti kwa sababu inatumia adapta, angalia maandishi madogo kwa hiyo adapta, ikisema INPUT 100-240V basi unatafuta plagi ya pini tatu tu unaendelea. Hiti presi, yaani mashine ya kukandamiza kwa joto, ununue ya hapa hapa.

mama_mialiko:
Na hiti presi isiwe ya sasa! Tisheti chache za chama unaweza kufanya na pasi ya nyumbani, dry iron ni bora kuliko ya mvuke kwa sababu haina yale matundu chini, pale kwa tundu joto halifiki na vinili inainuka. Kama ni ya mvuke zima mvuke. Weka tisheti kwa meza ngumu iliyotandikwa shuka la pamba, ile meza ya kupigia pasi ni laini na inakula presha yako. Juu ya vinili weka karatasi ya kuokea keki, kandamiza kwa nguvu sehemu moja ukihesabu, inua, sogea. Usiburute pasi kama unanyoosha nguo.

Vinili ya tisheti ni nyingine kabisa, si ile ya chupa, gundi yake inayeyuka kwa joto. Upande unaong'aa unaangalia chini kwa mkeka na jina unaligeuza kwa programu lisome kinyume kabla ya kukata. Joto fuata lile limeandikwa na mwenye roli. Nyingi za pamba zinataka nyuzi 150 hivi, polista inataka chini ya hapo.

kevo_stika:
Hapo kwa pasi sikubaliani sana mama. Ya nyumbani haina kipimo, inawaka na kuzima yenyewe, huwezi kujua ni 150 ama 190. Kwa tisheti ya mtoto wako sawa. Kwa mteja aliyelipa, na ataifua kila wiki, mimi ningempelekea mtu mwenye hiti presi anikandamizie nimlipe kwa kila tisheti, wako wengi tao, mpaka kazi ziwe za kutosha nijinunulie.

mama_mialiko:
Hiyo nakubali. Kwa mteja akandamiziwe na mashine.

shosh_cherehani:
Wajukuu hamjambo. Nyota mwanangu, ukifikiria vitambaa, vile vya kushona kama maua ya aplike yanayoshonewa juu ya nguo, hiyo Explore yako itakata tu kama kitambaa kimepigwa pasi kwa steifu (kile kitambaa kigumu cha kubandika ndani ya nguo) kwanza kikawa kigumu kama karatasi. Kitambaa kitupu kitavutika na kujikunja kwa mkeka. Steifu unapata kwa wale wanauza vitu vya mafundi wa nguo, Biashara Street na Eastleigh. Mkeka wa kitambaa ni ule wa pinki, usiutumie kwa karatasi, na usiuguse gundi na mikono yenye mafuta.

nyota_kadi:
Asante sana shosh. Na mikeka nitahitaji yote minne? Nimejaribu manila kwa huu wa kijani na kadi imetoka ikiwa imejikunja kama roli, pembe moja ikararuka.

mama_mialiko:
La, huhitaji yote. Kijani inatosha vinili na manila. Bluu ndio utaongeza ukianza karatasi nyembamba za mialiko kwa sababu gundi yake ni hafifu, zambarau ni ya vitu vigumu kama mbao nyembamba na ngozi, hiyo sahau kwa sasa.

Kujikunja kunatokana na vile unatoa. Wewe unavuta kadi kutoka kwa mkeka, sivyo? Geuza mkeka ulale kifudifudi kwa meza, kadi iwe chini, halafu ukunje mkeka wenyewe juu pole pole ukiuondoa kwa kadi. Kadi inabaki imelala bapa mezani. Vile vipande vidogo vilivyobaki vitoe na kitu bapa, kisu cha siagi kisicho na makali kinaweza.

Mkeka mpya gundi yake ni kali sana kwa karatasi, ubonyeze kwa tisheti safi mara moja mbili kabla ya kuanza. Ukichafuka usikimbilie kununua mwingine, pitisha ile roli ya kutoa nyuzi kwa nguo, uchafu ukizidi upanguse na waipsi za mtoto zisizo na pombe, uache ukauke wenyewe bila kitambaa. Na ile plastiki ya juu uliyotoa siku ya kwanza natumaini hukutupa, irudishe kila ukimaliza, vumbi la Nairobi ndio adui wa mkeka kuliko karatasi.

kevo_stika:
Bledi nayo ikianza kuacha nyuzi za karatasi usitupe bado. Toa kishikio chake, bonyeza kile kitufe cha juu ncha itokeze, uidunge mara kadhaa kwa karatasi ya foili ya jikoni uliyokunja ikawa mpira, mara nyingi ni vumbi la manila limeshikamana pale kwa ncha. Ikiendelea kurarua baada ya hapo ndio ubadilishe. Na weka alama kwa kishikio, moja ya vinili moja ya karatasi, manila inamaliza makali haraka kuliko vinili.