"Shika tu, usipulize": huyu kondakta mnamjua, msijifanye

MamaSoprano
Jameni, nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka Limuru na mkoba sijaufungua kwa hasira. Wikendi ya wapiga rekoda (zile filimbi, si za kurekodia) na makondakta wa muziki wa ridhaa. Tumelipa pesa zetu, tumelalia vitanda vinavyopiga kelele kuliko sisi, halafu yule bwana (yule wa skafu, jua liwake mvua inyeshe) ananiambia mbele ya watu wote, "Wewe, shika tu, usipulize."

Usipulize. Rekoda!

Tulikuwa kwenye kipande cha Telemann, yule mtunzi Mjerumani wa zamani. Yeye anapunga mikono kama anafukuza nyuki, "chini, chini." Haya, tukashuka. Sasa nani hajui kwamba rekoda ukiipunguzia pumzi sauti inakwenda flati, yaani inashuka chini ya noti? Ndivyo ilivyoumbwa! Akasimamisha ukumbi mzima, akaikodolea macho plastiki yangu. Nyuma huko rekoda za besi zimejaa mate mpaka zinakoroma, lakini aliyeambiwa asipulize ni nani? Mimi.

Nikabaki nimeiweka mdomoni nasogeza vidole. Bila pumzi! Mpaka mpishi aliyekuja kuita watu chai akaniuliza kama yangu imeharibika.

BesiKubwa
Dada, nilikuwa nyuma yako. Hiyo noti yako ya F haipo duniani. Igeuze hiyo rekoda uangalie karibu na tundu la kidole gumba, ukiona G ni ya mpangilio wa vidole wa Kijerumani. F yake unafunga gumba na vidole vinne vya mbele basi. Wewe ulikuwa unafunga kwa mpangilio wa Baroki, ule mwingine, kama sisi. Mlaumu Peter Harlan, Mjerumani mtengeneza rekoda, miaka ya 1920 alitaka kurahisisha F, akaiharibu F-shapu.

MamaSoprano
Harlan ndiye aliyeniambia nisipulize?

MwalimuGredi4
Mama, wewe uliambiwa usipulize ukalia. Mimi nina darasa zima la CBC (ule mtaala wa shule Kenya), wote wanapuliza kwa pamoja, na siwezi kuwanyamazisha kwa sababu ni mtaala.

JiraniWaUkuta
Kumbe ni wewe mwalimu! Mtoto wa hapa ukutani anajua B, A na G tu. Anaanza saa kumi na moja alfajiri. Huyo wa skafu anapatikana wapi? Nitamlipia nauli.

MtuWaKinoo
Afadhali kondakta wako alikwambia ushike. Wangu leo ameshika mia mbili yangu ya chenji na matatu ikaondoka.

MamaSoprano
HATUONGEI MATATU. Mtu mzima na watoto wangu nimeambiwa NISIPULIZE, na fomu yao iliandikwa "rekoda yoyote".

BesiKubwa
Sawa, lakini zile chapati za Jumamosi usiku mbona hakuna anayezitaja? Moja kila mtu, na maharagwe ya kuhesabu.

MwalimuGredi4
Moja? Meza yetu tuligawana nusu nusu. Skafu alikuwa na tatu, nimeziona kwa macho yangu.

BesiKubwa
TATU???

MwalimuGredi4
Na ya nne kwenye kitambaa.

MamaSoprano
Hata mimi sikupata. Nilikuwa bado nalia chooni.

BesiKubwa
Pole. Nusu yako niliila mimi.

JiraniWaUkuta
Samahani kuwakatiza, ukiegemeza godoro kuukuu ukutani sauti inapungua?

MtuWaKinoo
Kidogo sana. Hata trei za mayai hazizuii sauti, lakini usikate tamaa. Mimi ninazo nyingi, bei tuongee inboksi.