Boksi la fyuzi la zamani, Ngara: tubadilishe fyuzi tu au boksi zima?

MwanaNgara
Wadau, hamjambo. Tuna nyumba ya familia Ngara, ya mawe, ya zamani sana. Boksi la stima ni Wylex lile la kahawia, la fyuzi za kuchomoa zenye waya ndani. Moja imekufa tena. Fundi wa kwanza anasema atachomeka brika kwenye boksi hilohilo. Wa pili anataka Sh 18,000 aweke boksi jipya la plastiki. Wa tatu anasema la chuma, Hager au Schneider, ila nikimuuliza bei anaguna tu. Nifuate nani?

FundiWaKirinyaga
Mkubwa, bado hujatuambia kitu. Shawa ya stima iko? Kuka je? Fyuzi iliyokufa ina doa la rangi gani? Waya wa ardhini upo? Bila hayo tunapiga ramli.

MzeeBuru
Chukua la chuma ufunge mjadala. Uingereza walikotoka hao Wylex, tangu Januari 2016 boksi jipya la nyumbani lazima liwe la kitu kisichoshika moto. Walichoka na plastiki.

Kamongo_254
Na Schneider ya maduka ya Nyamakima utajuaje si feki? Afadhali Chint halisi kuliko jina kubwa la kubandikwa.

MwanaNgara
Doa ni jekundu. Shawa iko, tuliiunga mwaka jana. Waya wa ardhini sijui.

FundiWaKirinyaga
Jekundu ni ampea 30. Shawa ya kilowati 5.5 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23 peke yake, kabla hujawasha birika. Na jueni fyuzi za waya hazina haraka, ya 30 inaweza kutaka karibu mara mbili ya hapo ndipo iyeyuke upesi. Kwa hiyo ikifa kila mara, ama mzigo ni mkubwa kweli ama kishikio kimelegea na kinachemka. Brika za kuchomeka zipo na zinafanya kazi, lakini hazikupi RCD, ile swichi inayokata stima ikivuja, na ile shawa bado iko kwenye laini isiyo yake.

BintiPangani
Kabla hujampa mtu yeyote pesa, sikia yaliyotupata Pangani. Brika ya jikoni ilikuwa inajizima kila mtu akioga. Keateka akaleta fundi wake. Huyo hakutafuta chanzo, alitoa brika ya ampea 20 akapachika ya 63, akalipwa, akaenda. Ikaacha kujizima, tukamsifu. Baadaye nyumba ikaanza kunuka samaki. Nilisafisha friji, nikamwaga taka, nikamsema jirani wa chini na omena zake mpaka leo hatusalimiani. Jioni moja naegemea ukuta chini ya boksi, nasikia joto mgongoni. Kufungua, brika imepauka na kupinda upande mmoja, na ganda la waya wa 2.5 mm² linapukutika ukiligusa. Ile harufu ilikuwa plastiki inaungua polepole. Na landilodi akasema gharama ni yetu, eti sisi ndio tunaooga.

Kamongo_254
"Sisi ndio tunaooga" 😂 Landilodi wa Nairobi!

Texas_Kwa_Muda
Huku Marekani kuna maboksi ya Federal Pacific, aina ya Stab-Lok. Yanajulikana kwa brika zinazokataa kukata hata mzigo ukizidi. Watu wanayang'oa kabla ya kuuza nyumba. Angalia lisiwe hilo.

MzeeBuru
Amesema Wylex, ndugu. Hayo ya Marekani yabaki Marekani. Na hiyo RCD mnayoisifia ni usumbufu, mvua ikinyesha kidogo tu nyumba nzima giza.

FundiWaKirinyaga
Mzee wangu, inakata kwa sababu kuna mahali stima inavuja. Brika ya kawaida inaangalia mzigo na shoti basi. Mtu akishikwa na stima bafuni haina habari. RCD ya nyumbani inakata kwenye miliampea 30. Kama giza linakukera weka RCBO, yaani brika yenye RCD ndani, kila laini, bafu likatike friji ibaki.

MwanaNgara, meni, ile swichi kuu, ikiwa imezimwa, mwambie fundi afungue soketi moja. Ganda la waya likiwa la mpira na linabomoka, sahau boksi kwanza, waya zote zitoke. Fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, na sili ya mita asiiguse, hiyo ni ya Kenya Power. Waya zinazotoka kwenye mita bado ni moto hata ukizima meni.

MwanaNgara
Asanteni. Kumbe ningesema pia, kuna wapangaji wawili nyuma wanaotoa stima kwetu.

FundiWaKirinyaga
Sasa ndiyo unasema?? Kwenye laini gani?

MwanaNgara
Sijui, ilivutwa zamani. Inapita juu ya mwembe.

BintiPangani
Mungu wangu.

Kamongo_254
Na tokeni mnagawana vipi?

MwanaNgara
Kwa vichwa.

MzeeBuru
Kwa vichwa, na hujui nani ana kuka ya stima huko nyuma? Wanunulie mita ndogo kwanza, hayo ya Hager tutaongea.

Kamongo_254
Mita ndogo pia kuna feki. Mimi yangu ilikuwa inahesabu nikiwa nimesafiri.