Ligi ya Supa: pointi zetu zinapotea barabarani, na viongozi wa klabu hawataki kutuonyesha hesabu

Nimeizuia hasira hii tangu mzunguko wa kwanza ulipomalizika, nikitumaini kwamba viongozi wa klabu yangu wangejirekebisha kabla mambo hayajaharibika, lakini baada ya yaliyotokea katika safari yetu ya mwisho ya magharibi sioni tena sababu ya kunyamaza. Nawaandikia mashabiki wote wa Nairobi wanaofuatilia Ligi ya Taifa ya Supa, yaani NSL, daraja la pili la soka la Kenya chini ya Ligi Kuu, na hasa wale ambao kila msimu huombwa wachange ili timu ipande Ligi Kuu, kisha mchango ukishatolewa hawaambiwi neno.

Klabu ninayoishabikia ni ya Eastlands. Sitaitaja, kwa sababu wachezaji wake wako mikononi mwa watu wachache wanaoamua nani aachiliwe kujiunga na timu nyingine na nani azuiwe, na sitaki kijana yeyote abebeshwe lawama kwamba ndiye aliyenipa habari. Aliyewahi kuishabikia timu ya mtaa katika daraja hili, timu isiyo na kampuni wala idara ya serikali nyuma yake, ataitambua hali ninayoieleza bila kuhitaji jina.

Msimu huu tumecheza soka safi, na sisemi hivyo kwa mapenzi tu. Tuna viungo wanaojua kutuliza mpira, tuna mabeki waliokulia pamoja mtaani na wanaoelewana bila kupigiana kelele, na tumewahi kuwaaibisha nyumbani wapinzani wanaotamba kileleni mwa jedwali. Kama jedwali lingehesabu mechi zilizochezwa peke yake, leo tungekuwa tunapigania nafasi mbili za juu, zile zinazoipandisha timu moja kwa moja, au tungekuwa tunaivizia nafasi ya tatu na mchujo wake dhidi ya timu ya Ligi Kuu inayokwepa shoka. Badala yake tumekwama katikati, kwa sababu pointi tulizopoteza hatukunyang'anywa uwanjani.

Siku ya safari ninayoizungumzia, basi dogo lililokodiwa lilikuwa limeegeshwa karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, kabla hakujapambazuka. Wachezaji wote walifika kwa wakati. Walikaa juu ya mabegi yao kando ya ukuta wakinywa chai na mandazi ya mama mmoja anayeuza hapo, na kipa wetu alikuwa anakishonea kidole cha glavu yake kilichofumuka, kwa uzi mweusi wa viatu. Dereva alikuwa kwenye kiti chake, mlango wazi, funguo mfukoni. Mwenye gari alikuwa amemwagiza asiondoke mpaka nusu ya malipo iingie kwenye simu, na hakuna aliyethubutu kumlaumu, kwa maana safari iliyotangulia alilipwa baada ya kusumbuana na klabu kwa wiki kadhaa. Meneja wa timu alizunguka na simu mbili akimtafuta mwekahazina, ambaye hakupokea. Jua lilichomoza, matatu za kwenda kazini zikaanza kusongamana Jogoo Road, na hatimaye ni sisi mashabiki wachache tuliokuja kuwaaga vijana ndio tuliotoa tulichokuwa nacho na kuwapigia marafiki mpaka kiasi kikatimia. Timu iliondoka imechelewa mno. Ilipofika, muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha, kamishna wa mechi alikuwa ameshafunga ripoti yake na wenyeji walikuwa wamepewa ushindi wa bwerere. Vijana waligeuza njia usiku huo huo, kwa sababu hapakuwa na pesa za kulala.

Wiki chache kabla ya siku hiyo, viongozi walikuwa wametuomba mchango maalumu wa safari za mzunguko wa pili. Walitupa nambari ya malipo ya M-Pesa, wakatuambia kwamba tukichanga vizuri hatutakosa mechi hata moja ya ugenini. Tulichanga. Walichanga wauza mitumba wa Gikomba, walichanga mafundi wa Kariobangi, na walichanga vijana wetu waliokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba ambao huamka usiku kufuata matokeo. Baada ya aibu ile ya magharibi niliuliza kwa adabu kwenye kundi letu la WhatsApp pesa zile zimekwenda wapi. Jibu nililopewa ni kwamba "zilitumika kwa shughuli za timu." Nikaomba tuonyeshwe taarifa ya nambari ile ya malipo, jambo ambalo mwenye nambari anaweza kulifanya asubuhi moja bila gharama ya maana. Sikujibiwa. Niliondolewa kwenye kundi, na wenzangu wakaelezwa kwamba mimi ni mtu anayetaka kuvuruga timu wakati inapopigania kupanda daraja.

Nawauliza viongozi hao: ni nani anayeivuruga timu, anayeuliza nauli iko wapi au aliyeifanya ikosekane?

Wanaosema kwamba kukosa mechi moja ni bahati mbaya tu wakumbuke yaliyoipata Sony Sugar. Klabu hiyo ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilikosa kufika katika mechi tatu za Ligi Kuu ikafukuzwa kwenye ligi msimu ukiwa bado mbichi, na sababu ilikuwa pesa. Ikiwa bingwa wa zamani aliyebeba jina la kiwanda cha sukari alipotea kwa njia hiyo, timu ya mtaa itapona vipi? Sheria ya mechi tatu haimwulizi mtu kama winga wake ana kasi au kama kocha wake ana cheti. Inauliza kama ulifika.

Kuna dhuluma nyingine katika mechi hizi za bwerere ambayo watu huipitia haraka, nami sitaipitia haraka. Timu inapokosa kufika, haijidhuru yenyewe peke yake. Chukulia timu mbili zinazofukuzana kileleni. Ya kwanza inakutana nasi tukiwa kamili, inatoka jasho dakika tisini na pengine inaambulia sare. Ya pili inatusubiri kwao, hatufiki, nayo inajizolea pointi zote na mabao ya mezani huku wachezaji wake wakiwa wamepumzika, bila kadi ya njano wala jeraha. Mwisho wa msimu tofauti kati yao inaweza kuwa pointi mbili hizo hizo, au uwiano wa mabao, na mmoja anapanda Ligi Kuu kwa sababu mwekahazina wa klabu ya tatu hakupokea simu. Shabiki wa ile timu ya kwanza ana haki ya kutukasirikia, na mimi simlaumu hata kidogo. Kwa hiyo hesabu za klabu moja si siri ya familia ya klabu hiyo. Zinaugusa uhalali wa jedwali zima.

Najua gharama za daraja hili ni nzito, na sitaki mtu adhani kwamba nalipuuza hilo. Ligi inaanzia baharini mpaka ziwani: kuna misimu ambayo ratiba inakupeleka Ukunda, na baadaye inakutaka Migori. Kutoka hapa hadi Mombasa peke yake ni takriban kilomita 480, na hapo bado hujavuka kivuko cha Likoni. Mwenyeji naye hana nafuu, kwa sababu anatafuta uwanja, walinzi na ambulensi, na ambulensi isipofika mpira hauchezwi. Kiingilio cha mechi ya NSL Nairobi hakiwezi kulipa hata nusu ya hayo, kwa kuwa watazamaji wengi hutazama kutoka nje ya uzio au juu ya maghorofa ya jirani. Haya yote nayakubali. Lakini umaskini wa klabu ndio sababu kubwa zaidi ya kuandika kila shilingi, maana aliye na kidogo hana nafasi ya kupoteza chochote.

Wimbo tunaoimbiwa kila tukiuliza ni kwamba mfadhili yuko njiani. Tumeusikia sana, na historia ya karibuni inatosha kumtia mtu mashaka. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa mdhamini wa Ligi Kuu na wa klabu kubwa kadhaa mpaka mwaka 2019, ilipojiondoa kwa sababu ya mvutano wake na serikali kuhusu kodi na leseni, na klabu zikaachwa mikono mitupu. Mwaka 2020 ikaja kampuni nyingine ya kamari, BetKing, kwa mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, na kufikia mwaka 2021 mkataba huo ulikuwa umevunjika. Hizo ni pesa za Ligi Kuu. Sisi wa daraja la pili tulikuwa tunangojea makombo yake. Nakumatt FC ilipanda Ligi Kuu ikibeba jina la duka kubwa lililojulikana nchi nzima, duka likaporomoka, timu ikabadilishwa jina ikawa Mount Kenya United, na mwaka 2019 ikashuka daraja. Mfadhili ni neema akija, lakini klabu isiyojua ilitumia kiasi gani mwezi uliopita itamwonyesha nini mfadhili huyo akiketi mezani?

Wapo watakaoniambia kwamba ndoto ya timu ya mtaa kupanda imekwisha, na kwamba sasa ni zamu ya timu za taasisi. Ni kweli kwamba Kenya Police ilipanda mwaka 2021 na kutwaa ubingwa wa msimu wa 2024/25, na mchezaji anayejua mshahara wake utaingia lini hucheza kwa utulivu ambao wetu hawana. Hata hivyo sikubali kwamba mlango umefungwa. Mathare United ilizaliwa mwaka 1994 kutokana na mradi wa vijana wa mtaa, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008, ikashuka mwaka 2023, na baada ya msimu mmoja ikarudi. Shabana ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka 17 na mashabiki wake wa Gusii hawakuiacha, mpaka iliporudi mwaka 2023. Nairobi United ilipanda mwaka 2025 na mwaka huo huo ikaichapa Gor Mahia 2-1 katika fainali ya kombe, ikiwa bado haijacheza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Vipaji vya mitaa yetu havina upungufu wowote ukilinganisha na hivyo.

Wakubwa wa soka nao wanajua kuvunja mioyo. Serikali ilipoivunja FKF, yaani Shirikisho la Soka la Kenya, mwezi Novemba 2021 na FIFA kuifungia Kenya mwezi Februari 2022, ligi ziliendelea chini ya kamati ya muda, na APS Bomet na Fortune Sacco zikajihakikishia kupanda. Marufuku yalipoondolewa mwezi Novemba 2022, upandaji huo ulifutwa, na Mathare United na Vihiga Bullets, zilizokuwa zimeshuka, zikabaki juu. APS Bomet imelazimika kungoja mpaka mwaka 2025 ili ipande upya. Nalitaja hilo kwa sababu viongozi wa klabu yetu hupenda kulitumia kama ngao, wakisema kwamba adui ni shirikisho. Shirikisho lina makosa yake, na linapaswa kutuambia kabla ya kila msimu kila klabu ya NSL itapokea nini na lini. Lakini si shirikisho lililoomba mchango wangu wa nauli, wala si shirikisho lililoniondoa kwenye kundi.

Hoja yao ya mwisho huwa kwamba wao wanajitolea na hawalipwi. Nawaheshimu wote wanaojitolea, na meneja wetu wa timu ni mmoja wao; nimemwona akifua jezi mwenyewe. Kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kueleza pesa za wengine alizozipokea. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inazitaka klabu zisajiliwe na Msajili wa Michezo, na klabu iliyosajiliwa ni mali ya wanachama wake, wala haiwezi kuendeshwa kama biashara ya mtu na shemeji zake.

Sisi mashabiki kadhaa tumeandika barua na kuifikisha kwa katibu wa klabu. Tunaomba mambo matatu: taarifa kamili ya nambari ile ya malipo, orodha ya waliolipwa kutoka kwenye mchango wa safari, na kiasi cha mishahara na marupurupu ambayo wachezaji wanadai mpaka sasa. Tumetaka majibu kabla ya mechi yetu ijayo ya nyumbani. Yasipokuja, sitatuma tena shilingi kwa nambari hiyo. Nitakachoweza kutoa nitamlipa mwenye basi mkononi, mbele ya meneja na nahodha, na nitadai risiti. Mashabiki wa klabu nyingine za NSL hapa Nairobi, naomba mseme wazi kama mmewahi kuonyeshwa hesabu za msimu mzima, ni nani alizitia sahihi, na mlifanya nini mpaka zikatolewa.