Soko Kuu la Budapest: nguo za kutarizi na chakula kwa asiyekula nguruwe

Swali
Assalamu alaikum ndugu zangu. Mwezi ujao, inshallah, nitakwenda Hungaria kumtembelea binti yangu anayesoma Budapest. Mimi ni mshonaji wa kofia za viua hapa Unguja, na natamani sana kuliona soko lao la kale ambalo nasikia ghorofani huuzwa nguo zilizotariziwa maua. Naomba mliofika mnieleze: je, kazi ile ni ya mkono kweli, na mtu asiyekula nguruwe atapata nini humo?

Jibu la kwanza
Waalaikumu salaam, mama. Soko lipo kwenye uwanja uitwao Fővám tér, karibu na mto Danube, kwenye kichwa cha daraja la kijani. Lilifunguliwa mwaka 1897 kwa ramani ya Samu Pecz, na kabla hujaingia simama kwanza nje uinue macho, kwa maana paa lake limeezekwa vigae vya rangi vya Zsolnay, kiwanda cha kauri cha huko Hungaria. Nenda siku ya kazi asubuhi mapema, wakati wenyeji wanaponunua mboga zao.

Nyama zinauzwa ngazi ya chini, na soseji nyingi zilizotundikwa pale ni za nguruwe, kwa hiyo jifunze neno «sertés», ambalo ndilo jina la nyama hiyo kwenye vibandiko. Ghorofani kuna lángos, unga uliochachuliwa ukakaangwa, ukapakwa kitunguu saumu na maziwa ya mgando. Uliza kwanza kama wamekaangia mafuta ya mimea. Shuka pia chini kabisa uone achari za matango na kabichi, kwani mtu wa pwani hawezi kuzipita hivi hivi.

Ukitaka paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu, «édes» ni ile isiyowasha na «csípős» ni kali. Vile vifuko vya kitambaa vyenye kijiko cha mti hulipiwa urembo wake. Unga ni uleule.

Jibu la pili
Naongeza kuhusu kutarizi, kwa sababu niliwahi kulipa bei ya mkono kwa kazi ya mashine na bado inaniuma. Maua mengi yenye rangi kali ni ya mtindo wa Kalocsa, mji wa Hungaria, na sehemu kubwa ya yanayouzwa pale hushonwa kwa mashine. Pindua kitambaa: kwa mashine utaona uzi mweupe umelala sawasawa nyuma ya kila ua, ilhali kazi ya mkono nyuma yake ina rangi zilezile za mbele, vifundo, na nyuzi zinazovuka kutoka jani hadi jani.

Muulizaji
Ahsanteni sana, wanangu. Upande wa nyuma ndio ninaoutazama hata kwenye kofia. Nitachukua moja ambayo sijaimaliza, sindano ikiwa bado ndani yake, nimwoneshe muuzaji.